Dakika Nne za Haralambie

Valea Nucului, 14 Oktoba 1971

Tecla mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka huku matopeni. Mimi nipo, wifi yako Paraschiva yupo, na maumivu yake ya mgongo nayo yapo, hayajahama. Zabibu tumekwisha kuzikanyaga, mvinyo unachemka pipani ukinung'unika kama mama mkwe. Mwaka huu una ukali kidogo, mvua ilituwahi. Mbwa wetu alikufa, tumepata mwingine mjinga kuliko yule. Bibi Zamfira, jirani, anakusalimu na kuuliza kama bado uko peke yako. Nikamwambia amwonee huruma atakayekuoa.

Watu wenu wa filamu wameondoka juzi Jumanne. Siku kumi na moja walikuwa hapa. Yule mwongozaji wao, Filimon, alilala kwetu chumba kikubwa. Anakula ugali na jibini kama aliyezaliwa hapa, na anauliza maswali kama padri. Nimesikia kabla ya filamu alikuwa mshairi. Inaonekana: anatazama ndoo dakika kumi nzima. Walinishusha kisimani mara sita. Mara ya kwanza nilikuwa nachimba kisima, mara tano zilizobaki nilikuwa namchimbia Filimon. Paraschiva akasema, "Haya, umekuwa mcheza sinema. Na kuni atapasua nani?"

Siku ya mwisho Filimon aliniketisha kando ya kisima, akaniuliza kwa nini nachimbia watu visima bila malipo. Nikaongea. Mwanzoni nilitaka kumpa jibu la mzaha kama ninavyowapa wengine, likakataa kutoka, likatoka jingine. Yule fundi wa sauti, ambaye kutwa alikuwa akitafuna mbegu za alizeti, aliacha kutafuna. Nilipomaliza Filimon alitoa kiberiti. Aliniwashia sigara.

Baadaye, wakiwa wanapakia vyombo, ndipo aliponiambia kwamba wewe ndiye utakayeunganisha vipande vya filamu hii. Sikujua. Nilidhani wewe unaunganisha filamu za watu wengine. Ningejua, labda nisingefungua mdomo. Lakini limeshatoka. Naomba kitu kimoja tu: ukinisikia, nisikilize hadi mwisho. Usinyanyuke katikati ukaenda zako.

Kaka yako,
Haralambie


Chisinau, 9 Desemba 1971

Kaka Haralambie,

Pokea heshima zangu, wewe na wifi. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Plamu ulizompa dereva zilifika, ingawa nusu yazo zilikuwa jemu kabla ya kufika. Nimegawana na majirani. Kwenye nyumba hii tuko familia tatu na jikoni kuna jiko moja, kwa hiyo ukimnyima mtu plamu, kesho hupati moto. Baridi imeanza. Kifua changu kimetulia.

Mikanda yenu imefika. Picha ni nzuri. Kofia yako imetoka vizuri. Kuna mahali unapopanda kutoka kisimani na jua linakupiga usoni.

Sauti ya siku ile ya mwisho haikutoka vizuri. Kulikuwa na upepo. Filimon anasema hapo ndipo penye moyo wa filamu. Mimi sijui. Tungoje wakubwa watasema nini. Usimwambie mtu hapo kijijini uliyoyasema, na usiniandikie hayo kwa posta.

Nina swali dogo. Mama alifariki tarehe ngapi? Uliniambia ilikuwa homa. Sihitaji maelezo, nataka tarehe tu.

Tecla


Valea Nucului, 20 Januari 1972

Mdogo wangu Tecla,

Theluji imefika madirishani. Tumechinja nguruwe, tumekula, tumeumwa matumbo, tumepona. Waimbaji wa Mwaka Mpya walikuja kugonga mlango, sauti mbaya kabisa, lakini Paraschiva aliwapa mikate yote ya msuko na nusu ya soseji zangu. Tumekuwekea kipande cha mguu kilichokaushwa kwa moshi.

Mama: tarehe 11 Februari 1947, ilikuwa Jumanne. Mdogo wetu Gavriluta alimtangulia kwa siku nne. Alikuwa na miaka mitatu. Wewe ulikuwa na saba. Mwezi wa tatu ndipo nilipokupandisha kwenye gari la farasi kukupeleka kwenye nyumba ya yatima.

Umesema kulikuwa na upepo. Tecla, siku ile moshi wa sigara yangu ulipanda juu wima kama mshumaa. Lakini sawa. Wewe ukisema upepo, na mimi nitasema upepo.

Sijamwambia mtu. Nimefanya jambo moja tu: nimemwomba Bibi Zamfira filamu ikija aje klabu ya kijiji akae mstari wa mbele, kwa kuwa masikio yake yamechoka. Kaniuliza, "Kuna nini huko mbele?" Nikamwambia, "Nitakuwepo mimi." Akacheka, "Wewe nakuona kila siku bure." Unajua, mara tatu katika maisha yangu nimekwenda hadi mlangoni kwake nikiwa na neno mdomoni. Mara zote tatu nimeishia kumpasulia kuni na kurudi nyumbani. Ile mashine ya Filimon ilinivuta neno kama ng'ombe anavyovuta ndoo. Sitaweza tena kulisema kwa mdomo mtupu. Basi na iseme mashine.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Haralambie


Chisinau, 3 Machi 1972

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Nimemtumia dawa ya kuchua mgongo, ajipake kidogo kidogo, inaunguza.

Kazi ni nyingi. Filimon aliitwa na wakubwa mara mbili. Kitabu chake cha mashairi kilichokuwa tayari kwa wachapaji kimerudishwa. Sasa amepewa filamu ya kuwafundisha madereva wa trekta namna ya kushika dawa za wadudu. Anaifanya. Anakuja kazini amenyoa ndevu.

Filamu yenu imepitishwa. Ni dakika kumi na nane. Itafika kwenu mwanzoni mwa kiangazi.

Usimwalike mtu, Kaka. Usimkalishe mtu mstari wa mbele.

Tecla


Valea Nucului, 18 Juni 1972

Tecla,

Barua hii anakuletea Vichentie, yule wa lori la cheri, mkononi. Haitapita posta. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na wewe ukinijibu mpe yeye. Paraschiva mzima. Mimi mzima. Cheri ni nyingi mwaka huu hadi matawi yanavunjika. Habari za nyumbani zimekwisha.

Ijumaa walileta filamu. Klabu ilijaa, watu wamekaa hadi kwenye madirisha. Zamfira alikuwa mstari wa mbele, kavaa kitambaa chake cha Pasaka. Sikumzuia. Nilisoma barua yako, nikaielewa, na bado sikumzuia. Nilijiambia labda umekosea.

Mwenyekiti wa shamba la ushirika akahutubia kwanza, unamjua, hata ndoo mpya haiwezi kuingia kijijini bila hotuba. Taa zikazimwa. Nikatokea mimi natoka kisimani. Watu wakapiga kelele, "Haralambie, kumbe una shingo ndefu hivyo!" Hata mimi nilicheka. Kisha nikajiona nimekaa kando ya kisima. Nikajua hapo ndipo. Nikashika kiti. Nikaona mdomo wangu unafunguka.

Ikatoka sauti ya mtu mwingine. Mtu wa mjini, wa redio, sauti laini kama siagi: "Mchimba visima mzee anakumbuka jinsi maji yalivyoleta shibe kijijini." Kisha fidla. Mdomo wangu unakwenda, na shibe inatoka. Baadaye alizeti, trekta, watoto wanakunywa maji, mwisho.

Walipiga makofi. Mwenyekiti alinipa cheti. Zamfira akageuka akanishika uso kwa mikono miwili. Masikio yake hayatofautishi sauti ya nani na nani. Akasema, "Umesema vizuri, Haralambie. Umesema maneno mazuri sana." Akanibusu kwenye paji la uso, mbele ya kila mtu.

Nilitoka nikatapika nyuma ya klabu.

Sasa Tecla, miezi minane wewe na mimi tunazungukana kama paka na mbwa kwenye bakuli moja. Ulinisikia, najua ulinisikia. Basi nitaandika hapa ili tusiwe na upepo tena. Vuli ya mwaka arobaini na sita, baada ya ule ukame, watu wa serikali walipokuja kuchukua nafaka, walihitaji kijana wa kijijini anayejua nyumba za watu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilijua kusoma. Walinipa mkate kila jioni. Wao walibeba magunia, mimi nilipanda darini kufagia kilichobaki, hata punje zilizoingia kwenye nyufa. Nyumba arobaini. Ya Zamfira, ambaye watoto wake wawili hawakuona kiangazi. Na ya kwetu. Mama hakufa kwa homa. Hapakuwa na homa yoyote. Nilikudanganya tangu siku ile ya gari la farasi, kisha uongo ukakua pamoja nawe, nikashindwa kuung'oa.

Sikuulizi kama unanichukia. Nakuuliza jambo moja. Nani amekata?

Haralambie


Chisinau, 2 Agosti 1972

Kaka Haralambie,

Vichentie amesubiri barua hii safari tatu. Ameniambia, "Dada, cheri zimekwisha, aprikoti zimekwisha, ukichelewa nitakuja na matikiti." Leo nimemwambia asiondoke.

Mimi mzima. Msalimie wifi.

Kamati ya ukaguzi iliitazama filamu mwezi wa pili. Mmoja wao alisema, "Mwaka ule hapakuwa na njaa, kulikuwa na ukame." Wakatoa amri: sauti ya mchimba visima iondolewe. Basi. Hivyo ndivyo walivyoandika, mstari mmoja.

Siku ya pili Filimon alikuja chumbani kwangu wakati wa chakula cha mchana na mkate chini ya kwapa. Akasema, "Tecla, dakika nne tu. Mita mia na kumi. Ziweke ndani ya kopo, bandika lebo ya filamu nyingine yoyote, ya nguruwe, ya kupanda viazi-sukari, kopo likae rafuni. Mimi na wewe tutakufa, lakini siku moja mtu atalifungua." Hilo ni jambo jepesi, Kaka. Sisi wanawake wa kuunganisha filamu tumeshalifanya kwa ajili ya wengine. Hakuna anayehesabu makopo. Nikamwambia sawa.

Akaenda zake. Nikachukua mkanda wa picha, negativu na mkanda wa sauti, vyote vitatu, nikateremka chini kwa wanawake wanaoosha filamu zilizotupwa ili wapate madini ya fedha yaliyomo. Niliwapa kwa mkono wangu. Nikasimama pale hadi mkanda ukawa mweupe kama kioo cha dirisha. Mmoja akaniambia, "Mama, huna kazi nyingine?" Nikamwambia hii ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyeniamuru kusimama.

Na hawakuamuru nitumie mdomo wako. Ningeweza kuweka picha ya ndoo, ya mti, ya kitu chochote. Sauti ya yule mtu wa redio niliiweka mimi juu ya mdomo wako, kwenye kipande kifupi cha picha nilichobakiza. Nilitafuta mahali ambapo midomo yako inakaribia kufanana na maneno yake. Ilinichukua siku mbili kupata.

Umeniuliza nani. Mimi.

Nitakueleza na sababu, ingawa hukuuliza. Kwenye nyumba ya yatima tulikuwa watoto sitini kwenye chumba kimoja, na usiku kila mtu alimwombea mtu wake. Nilikuombea wewe. Wengine hawakuwa na kaka, nami nilijivuna. Niliwaambia kaka yangu aliniokoa na homa. Nimeisema hadithi hiyo kwa mume niliyeachana naye, kwa marafiki, kwenye fomu za kazi. Miaka ishirini na tano. Halafu naisikia habari ya mama yangu kupitia visikilizio vya masikioni, mchana, fundi wa sauti ameketi kando yangu anatafuna alizeti, anasema, "Huyu mzee ni hatari, sikiliza hapa." Ulimwambia Filimon kabla yangu. Ulikuwa tayari kumwambia Zamfira, mwenyekiti na watu waliokaa madirishani. Mimi ningesikia kama ninavyosikia habari za mtu baki.

Sikuikata kwa kuiogopa kamati. Watu wote hapa wanadhani niliogopa, na wananionea huruma. Niliikata kwa sababu uliongea vizuri. Yeyote ambaye angekusikia angekusamehe. Sikutaka usamehewe.

Filimon hajui. Jana tulikutana kwenye korido, amevaa viatu vya mpira vya ile filamu yake ya dawa za wadudu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Lipo salama?" Nikamwambia, "Lipo."

Tecla


Valea Nucului, 1 Oktoba 1972

Tecla,

Barua yako nimekaa nayo wiki nane. Paraschiva alidhani nina mwanamke mjini. Nikampa aisome, nikajaribu na kumweleza. Alisoma, akaikunja, akatoka nje kukamua mbuzi, na hadi leo hajaitaja. Ila sasa analala kwenye chumba cha mkate, karibu na tanuri, anasema ni kwa ajili ya mgongo.

Sikulaumu. Naandika hilo mwanzoni ili usisome yaliyobaki huku umekaza moyo.

Nilikwenda kwa Zamfira. Sikupasua kuni. Alikuwa uani anachambua maharage, nikapiga magoti pale pale kwenye maganda.

Akasema, "Umeanguka?"

"Bibi Zamfira, nataka kukuambia jambo la mwaka ule wa njaa."

"Sema kwa nguvu, sisikii."

Basi ilinibidi nipige kelele, Tecla. Miaka ishirini na tano nimelificha, kisha nalipigia kelele hadi kuku wanakimbia. "Ni mimi niliyefagia dari yako!"

Aliendelea kuchambua. Akasema, "Najua. Nilikuwepo. Ulidhani nilikuwa wapi?"

"Ulijua? Na siku zote hizi…"

"Kijiji kizima kinajua. Ulikuwa na ufagio mkononi, si kofia ya uchawi ya kukufanya usionekane."

Nikamwomba anisamehe. Hapo mikono yake ilisimama. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku akijua hakimo. Akasema, "Haralambie, nilizika watoto wawili bila ubao wa jeneza. Ilinichukua miaka tisa kujifunza kukuamkia asubuhi. Miaka tisa! Nilifanya mazoezi humu ndani, peke yangu, nauambia ukuta habari za asubuhi. Nikaweza. Nikadhani nimemaliza. Sasa unakuja kuniomba na hili? Hili sina. Nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani.

Kesho yake nilipopita hakuniamkia. Wala siku iliyofuata. Sasa maji yake anachotewa na mpwa wake mtoni, huko chini kwenye mteremko, wakati kisima nilichomchimbia kiko hatua kumi kutoka mlangoni pake. Nilikuwa na salamu yake ya asubuhi, Tecla. Sikujua kwamba kitu kile ndicho nilichokuwa nacho. Nimekwenda na magoti yangu nikakivunja.

Wanaume nao nilijaribu, siku ya kukanyaga zabibu. Hawakuniacha nifike mwisho. Costandin aliweka mkono begani pangu akasema, "Kunywa, kaka, nyamaza. Una cheti, una picha kwenye filamu. Unataka walete watu wa wilaya watuulize nani alisema nini?" Wakaanza kuzungumzia mapipa.

Kwa hiyo hata ungeliacha, ingekuwa hivi hivi, ila mbele ya watu wengi. Labda umeniokoa. Au labda mashine ingelisema vizuri kuliko mimi, sijui. Na hapo ndipo penye shida yangu. Sikumbuki nilivyolisema. Kwa Zamfira lilitoka kama kelele. Kwa Paraschiva lilitoka limejaa utetezi: nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, walinilazimisha. Kwa Filimon sikusema hivyo. Kwa Filimon nilisema sawasawa, mara moja katika maisha yangu, na siwezi kulipata tena. Nikijaribu, lile la utetezi ndilo linalokuja mbio.

Kama unayakumbuka maneno, niandikie. Sikuombi kitu kingine.

Visima nimeacha. Magoti.

Haralambie


Chisinau, 26 Novemba 1972

Kaka Haralambie,

Salamu kwako, na kwa wifi kule alikolala. Huku mvua haikati. Jirani mmoja wa jikoni amehama, wamekuja wengine wenye mtoto mchanga, hakuna anayelala. Kifua changu kimerudi kusumbua. Kazini wamenipandisha cheo. Wanasema nina mkono usiotetemeka.

Filimon ameondoka. Amepata kazi Asia ya Kati, filamu za pamba. Alikuja kuniaga na kuniuliza namba ya rafu, ili aijue huko aendako. Nikamwambia ukweli. Hakunipiga, hakunitukana, ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Na sauti pia?" Nikamjibu, "Na sauti pia." Akavaa kofia yake akatoka. Aliacha mlango wazi, nami nilikaa nikiutazama hadi kengele ya jioni.

Umeomba maneno. Nilikusikiliza mara kumi na moja kabla ya kushuka nayo. Nayakumbuka yote, pamoja na mahali ulipokohoa. Ulisema hivi:

"Nachimba kwa sababu nilifagia. Mwaka arobaini na sita. Walinipa ufagio wa matete, mpya. Nilipanda darini kwa watu nikafagia mahindi yaliyobaki kwenye nyufa, nikayakusanya na vumbi lake, nikashusha. Nilifanya kazi vizuri. Sikuwa mvivu." Hapo ulikohoa. "Siku ya sita tukafika kwetu. Nilidhani watapita. Hawakupita. Nikapanda darini kwetu, nikafagia. Nikashuka. Mwenye koti, mkubwa wao, akasema, na humu ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha. Chini ya benchi palikuwa na punje kidogo, labda konzi mbili, zilidondoka wakati wa kupukuchua. Nilisimama. Mama akaona nimesimama, akamwona na yule mwenye koti anavyonitazama. Akainua miguu. Akaiinua juu, yote miwili, ili nipite. Akasema, 'Fagia vizuri, mwanangu, asije akakuadhibu.' Nikafagia."

Filimon alisubiri, unaweza kusikia mkanda unazunguka. Hukuongeza neno. Hukusema ulikuwa kijana.

Nimeandika nakala hii moja tu. Sitaandika nyingine. Sijakusamehe, Kaka, na sitakuja Krismasi, wala usinitumie nyama. Zamfira yuko sahihi: mtu hawezi kutoa asichonacho.

Lakini kuna jambo ambalo mimi pia sijamwambia mtu, nalo limenijia mara ya kumi na moja ya kukusikiliza, na ndipo niliponyanyuka nikachukua makopo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa juu ya tanuri, pale tulipolala wakati wa baridi, chini ya blanketi, na Gavriluta. Mkanda wako haukunitaja, labda ulisahau, labda uliniacha nje kwa makusudi. Nilikuona umeingia na ufagio. Nikamwona Mama anainua miguu juu, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheza. Nikadhani ni mchezo.

Nilicheka, Kaka. Nilicheka kwa sauti, na Gavriluta akacheka kwa kuwa nimecheka.

Sijui kama ulitusikia.

Tecla